Kandambili na Bi Pasi

Chumba cha mafundi kilikuwa na sheria zake, na ya kwanza ilikuwa hii: anayesoma hashoni. Fungu lake la kazi hugawanywa kwa wenzake, huyu anaongeza kola, yule anaongeza mifuko, na hakuna anayenung'unika, maana mwenye kitabu mkononi anayafanyia kazi masikio ya watu wote. Sheria ya pili: hakuna kuingilia katikati ya sura. Una neno? Limeze, likuchachukie tumboni, utalitoa sura ikiisha. Ya tatu hakuna aliyeitunga, ila kila mtu aliifuata. Maoni ya mwisho ni ya Bi Pasi.

Bi Pasi alikuwa mpiga pasi. Alisimama mwisho wa chumba, penye dirisha, nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Sare za shule zilimfikia zimejikunja kama majani makavu, zikatoka kwake zimenyooka hadi unaona aibu kuzivaa. Sura ilipokwisha cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, watu wakaanza kubishana, na yeye akaendelea kusukuma pasi yake kana kwamba hayamhusu. Akiona wamemaliza upuuzi wao, aliinua pasi na kuisimamisha wima kwa kisigino cha pasi yenyewe. Tak. Hapo hata mwenye uzi mdomoni aliacha kutafuna.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya upelelezi, mfululizo mmoja, mpelelezi mmoja. Na mpelelezi huyo ndiye aliyekuwa balaa. Mwanamke mfupi, mnene, mtu mzima, aliyewahi kuwa mlinzi wa chumba cha maiti. Hana bunduki, hana gari, hana mume. Anaongea na marehemu kama mtu anayeongea na jirani juu ya ukuta. Na popote aendapo, iwe kwa mkuu wa polisi, iwe kwa tajiri mwenye mazulia, anakwenda na kandambili miguuni. Ndivyo alivyoitwa vitabuni: Kandambili. Wauaji walimsikia kabla ya kumwona, pwata, pwata, pwata, anakuja kwenye korido.

Kandambili hizo ziligombanisha chumba kile miaka na miaka. Mkataji, mwanamume pekee pale ndani, mwenye upara na kipande cha chaki nyuma ya sikio, alisema mwandishi anawatania watu. Mtu anayemkimbiza mwizi na kandambili, aliuliza, anamkimbiza au anamsindikiza? Bi Harusi aliyekaa cherehani ya mlangoni alikuwa na maoni mengine. Aliitwa Bi Harusi kwa sababu mchumba wake alikuwa safarini tangu vijana, na harusi ilikuwa mwakani kila mwaka. Yeye alishikilia kwamba mwanamke yule ana sugu za vidole, na kwamba angeolewa na yule daktari wa maiti anayemletea chai, angenunuliwa viatu laini na mambo yangekwisha. Walibishana hadi uzi ukakatika.

Kisha tak, pasi ikasimama.

"Ana lake," Bi Pasi alisema. "Mtu hawi hivyo bure. Ana lake, na hatuambii."

Akarudi kwenye sare zake. Na msomaji, ambaye wote walimwita Miwani kwa sababu ya vioo vyake vizito vilivyofungwa kwa uzi sikioni, alivua miwani akaipangusa kwa pindo la gauni, ingawa haikuwa na vumbi.

Maana Miwani alilijua hilo lake. Lilikuwa limeandikwa. Lilikuwa ndani ya kitabu cha kwanza kabisa, mwanzoni, kabla hata maiti ya kwanza haijapoa. Aliliruka.

Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo. Bi Pasi hakuzaliwa Bi Pasi. Zamani aliitwa Mama Kidoti, na Kidoti alikuwa mwanawe, wa pekee, msichana mwenye alama nyeusi chini ya jicho kama aliyeguswa na ncha ya kalamu. Alikulia chini ya ile meza ya pasi. Alikusanya mabaki ya vitambaa akayafunga mafundo, akasema hawa ni wanafunzi, akawapanga mstari na kuwachapa kwa futikamba. Mafundi walimruka wakipita na mizigo, na kila aliyemruka alilazimika kulipa kwa kitambaa.

Majira fulani shule zilikaribia kufunguliwa, marobota yakajaa hadi chini ya meza, mtoto hakuwa na pa kukaa. Mama yake akamwacha kwa jirani. Jirani alikuwa na pipa la maji uani, na mtoto alitaka kuona kilichomo ndani yake. Zaidi ya hapo hakuna haja ya kusema.

Baada ya maziko Mama Kidoti alirudi kazini mapema kuliko walivyomtazamia. Alisimama pale pale, akashika pasi ile ile, akaendelea kunyoosha marinda ya watoto wa watu. Na chumba kizima hakikujua midomo kikae nayo wapi. Kumwita Mama Kidoti ilikuwa kama kubonyeza jipu. Hawakuitisha kikao, hakuna aliyemwambia mwenzake, lakini jina lile likaanza kukwepwa, siku moja huyu, siku ya pili yule, hadi ulimi wa chumba kizima ukahamia kwenye Bi Pasi. Mwenyewe aliitika. Wakasema, afadhali, amepoa.

Lakini kimya kilizidi. Ilifika hatua unasikia sindano ikitoboa kitambaa. Ndipo Miwani alipokwenda kwa muuza vitabu chakavu, yule anayetandaza magunia mbele ya kituo cha mabasi, akachagua kwa kuangalia jalada. Jalada lilikuwa na picha ya kandambili. Alidhani ni kitabu cha kuchekesha.

Sasa mtu anayesoma kwa sauti, macho yake hayako mahali mdomo ulipo. Macho hutangulia, kama macho ya mkataji yanavyotangulia mkasi. Siku ile mdomo wa Miwani ulikuwa bado mlangoni mwa nyumba ya Kandambili, macho yalikuwa yameshaingia ndani. Yakaona kwamba Kandambili alikuwa na mtoto wa kiume. Yakaona kwamba asubuhi moja aliketi kizingitini akifunga kamba za viatu vya kazi, akizifunga fundo mara mbili kama alivyozoea, na mtoto akatoka na mpira wake akaelekea barabarani. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa bado haijakaza. Tangu siku hiyo mwanamke yule hajavaa kiatu kinachohitaji kufungwa.

Mdomo ulikuwa unakaribia. Nyuma yake pasi ilikuwa inapumua mvuke. Miwani akavuta pumzi, akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akatua juu ya maiti.

Hakuna aliyegutuka. Jioni ile alikwenda nyumbani akiamini ametenda wema, na kwa kweli siwezi kusema alitenda ubaya.

Tatizo ni kwamba waandishi hawawezi kuacha kidonda bila kukigusa tena. Kitabu cha pili mtoto alirudi. Cha tatu akarudi. Kila kilichofuata kilikuwa naye mahali fulani, mara ukurasa mzima, mara mstari tu, Kandambili anapita mbele ya duka la mipira anageuza njia. Na kwa kuwa alishaanza, Miwani hakuwa na namna ya kusimama. Akawa hodari. Mshonaji mzuri akikupunguzia gauni, huoni lilipopunguzwa. Lakini kitambaa kilichozidi hakijaenda popote, kimekunjwa ndani, na anayelivaa hukihisi ubavuni.

Ndiyo maana mpelelezi wao alitoka wa ajabu kuliko alivyoandikwa. Kwa nini hukaa na maiti ya mtoto mpaka kupambazuke? Kwa nini hakanyagi mtaa wenye shule? Bi Harusi alisema ni moyo wa jiwe. Siku moja alikwenda mbali, akasema huyu angejaliwa mtoto angelainika kidogo. Pasi ilisimama kabla zamu ya maoni haijafika kwake.

"Usimseme usiyemjua," Bi Pasi alisema.

Bi Harusi akainamia cherehani yake hadi saa ya kwenda nyumbani.

Wangeweza kujua. Vitabu vilikuwa pale pale, ndani ya kabati la mabaki ya vitambaa. Lakini kusoma mbele ya wenzako kulihesabiwa sawa na kuchovya kidole kwenye chungu cha wote, na kitabu kikishasomwa kwa sauti nani atakirudia? Bi Pasi mwenyewe shule aliiacha njiani. Alisoma vibao vya barabarani na bei za sokoni. Herufi ndogo za kitabu, alisema, zilimkimbia kama sisimizi.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha Bi Pasi akaanza kupiga pasi ameketi. Kisha akawa anakuja siku mojamoja. Kisha hakuja. Alilazwa hospitali, akapimwa, akapimwa tena, halafu wakamrudisha nyumbani wakisema apumzike. Kila aliyelisikia neno hilo alilielewa.

Na hapo ndipo kitabu kipya kilipotoka, na juu ya jalada kimeandikwa kwamba ndicho cha mwisho.

Bi Harusi alikinunua kwa fedha yake, kipya, kinanukia gundi, akakileta kama aliyebeba mtoto wa kwanza. Walikizunguka. Mkataji alifuta mikono kabla ya kukishika. Kisha wote, bila kubishana hata kidogo, jambo ambalo halijawahi kutokea mle ndani, walikubaliana kwamba hawatakisikiliza kabla ya Bi Pasi. Miwani aende akamsomee nyumbani, alasiri kwa alasiri, fungu lake watalishona. Wao watasubiri. Maoni yake ya mwisho safari hii yatakuwa ya kwanza.

Wakati wa chakula Miwani alijificha nyuma ya ghala la marobota akavunja sheria. Alisoma akiruka huku na huku, na kila alipotua alimkuta yule mtoto. Hakikuwa kitabu chenye mtoto ndani yake, kilikuwa mtoto mtupu. Mtu aliyeendesha gari siku ile amepatikana mzee kitandani, na Kandambili anakwenda kumwona. Ukimtoa mtoto humo, unabaki na jalada na gundi. Na mwisho wa mwisho, mwanamke yule anaketi kizingitini, anachukua viatu vya kamba, anavivaa, anafunga kamba polepole, anasimama, anakwenda kaburini.

Alimtafuta Mkataji, akamweleza yote. Mkataji aliweka mkasi mezani.

"Tangu lini?"

"Tangu cha kwanza."

Mkataji akachukua chaki sikioni, akaitazama, akairudisha. Akamwambia jambo ambalo Miwani hakulitarajia. Binti yake alipozaliwa, alisema, hakumwambia mtu yeyote kazini. Mtoto alitambaa, akasimama, akaota meno, na baba yake anakata marinda hapa anameza furaha yake kama dawa chungu, kwa kuwa Bi Pasi yuko pale dirishani. Na hata sasa humpitisha njia ya nyuma akienda shule. Kumbe Miwani hakuwa peke yake. Kila mtu mle chumbani alikuwa na kurasa zake za kuruka.

"Nimwambie?" Miwani aliuliza.

"Mimi ndiye ninayekata, Miwani. Nilichokata hakirudi. Wewe hukukata, ulikunja tu." Akauchukua tena mkasi. "Kilichokunjwa hukunjuliwa."

Ni maneno mazuri ukiyasikia penye meza ya kukatia. Ukifika mlangoni mwa mgonjwa yanageuka maneno tu.

Bi Pasi alilala kwenye chumba kidogo chenye dirisha linalotazama uani. Mdogo wake, aliyekuja kumuuguza, alikuwa akisugua sufuria nje. Pazia lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo yake imesimama kama kisu, na Miwani hakuuliza ni nani aliyelipiga na kwa nguvu zipi. Mwenyewe alikuwa amebaki mifupa na macho. Shuka lilimfunika kana kwamba chini yake hakuna mtu.

Alitaka kujua kama Miwani amekuja na kitabu au amekuja na uso huo tu. Akauliza Bi Harusi ameolewa? Bado. Akasema basi na aharakishe, maana yeye alishaahidi kulipiga pasi shela lake na hapendi kufa na deni la pasi. Miwani akacheka kwa uangalifu, kama mtu mwenye jino bovu. Akafungua kitabu.

Na akaruka. Mtu ni mazoea. Alisoma mstari, akameza mstari. Palipokuwa na mtoto akatia mkufu wa dhahabu, urithi wa bibi, ulioibiwa zamani. Yule mzee kitandani akawa mwizi wa mkufu. Kandambili akalia machozi kwa ajili ya mkufu. Alipofika hapo sauti yake mwenyewe ilimchukiza, lakini akaendelea, hadi mkono mkavu ulipotoka chini ya shuka na kufunika ukurasa.

"Huyu si Kandambili."

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada."

"Kandambili hawezi kulilia mkufu. Angeuuza akanunua sigara." Akapumzika. "Halafu wewe Miwani, pumzi yako. Kuna mahali ukifika unavuta pumzi kama mtu anayeruka mtaro. Nimeisikia tangu kitabu cha kwanza."

Miwani akauliza kwa nini hakuwahi kumwambia.

"Nilidhani ni mambo ya kitandani. Nikasema Miwani wa watu anaona haya, Mkataji yupo." Alicheka kidogo. "Nilikuwa namwonea huruma Kandambili, nikasema angalau ana starehe zake tusizosomewa. Sasa leo nataka kuzisikia. Nimebakiwa na nini cha kuonea haya?"

Hapo Miwani alipoteza njia zote isipokuwa moja. Alirudi nyuma kwenye kitabu, akatafuta ukurasa ambao mwandishi ameisimulia tena asubuhi ile, akausoma wote. Kizingiti, viatu vya kazi, fundo la kwanza, fundo la pili, mpira, kamba ya kushoto ambayo haijakaza. Hakuvuta pumzi popote. Alipomaliza, huko nje sufuria ilikuwa imeacha kusuguliwa.

Bi Pasi aliitazama dari.

"Kumbe alikuwa na mtoto," alisema.

Miwani akaanza kueleza. Kwamba ilikuwa siku za mwanzo mwanzo. Kwamba alihofia kumtonesha. Kwamba kila mtu mle ndani alihofia vivyo hivyo. Bi Pasi alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia yenyewe.

"Mlikuwa mnaniangalia nikipiga pasi, mnasema amepoa," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja mtu alitaje jina lake. Mtu mmoja tu. Asubuhi naingia nasema labda leo. Mkaniita Bi Pasi, nikaitika, ningefanya nini? Na kumbe mwenzangu alikuwa mle mle chumbani. Mwanamke aliyefiwa kama mimi, kwa uzembe wa dakika kama mimi, anasomwa kila siku nami niko nyuma ya mgongo wako, na wewe umekaa katikati yetu hututambulishi."

"Dada, nisamehe."

"Mlimzika mwanangu mara mbili, Miwani. Ya kwanza nilikuwepo."

Akageuza uso ukutani. Miwani alikaa pale na kitabu mapajani hadi mdogo mtu alipoingia na kumgusa bega, akimwambia kwa upole kwamba mgonjwa anahitaji kulala. Alitoka. Uani alikanyaga maji ya sufuria bila kuyaona, akaenda nyumbani na mguu mmoja uliolowa.

Kesho yake hakuitwa, wala hakukatazwa. Alikwenda kwenye kabati la mabaki, akavitoa vitabu vyote vya zamani, majalada yamechakaa, vingine vimeota nyuzi za kila rangi, akavifunga kwa utepe wa robota. Mafundi walimwangalia, hawakuuliza. Mkataji ndiye aliyemfungulia mlango.

Bi Pasi alikuwa amefumba macho. Miwani hakumsalimu kwa maneno mengi. Aliketi, akachukua kitabu cha kwanza, akafungua palipokuwa na zile kurasa mbili ambazo hazijawahi kupata sauti. Zilikuwa nyeupe kuliko kurasa nyingine. Na kabla ya kuanza akasema neno ambalo hakuwa amelitamka miaka yote hiyo.

"Nianze, Mama Kidoti?"

Kope zilitikisika. Hazikufunguka. Lakini mkono ulitoka chini ya shuka, ukakaa juu ya blanketi, umefunuliwa, kama wa mtu anayepokea kitu.

Alisoma. Alasiri ile, na zilizofuata, hawakuhangaika na wauaji wala polisi. Walipitia kurasa zilizorukwa tu, kitabu kwa kitabu, kama mtu anayefumua gauni kuukuu kutafuta kitambaa chake cha asili. Duka la mipira. Kitanda kidogo ambacho Kandambili hakukitoa chumbani. Ndoto zake. Na katikati ya kusoma Mama Kidoti alianza kusema yake. Kidoti alikuwa haogopi mende. Kidoti aliita pasi "paka" kwa sababu ilinguruma. Kidoti alikuwa na mwanafunzi mmoja wa kitambaa cha bluu ambaye kila siku alichapwa, hakuna aliyejua kosa lake. Miwani naye akakumbuka kwamba alitozwa kipande cha hariri kwa kumruka mtoto akiwa na haraka, na walicheka, na mdogo mtu aliyekuwa mlangoni akakaa chini akajifunika uso kwa kanga. Alikuwa hajawahi kumsikia dada yake akilitaja jina lile tangu maziko.

Lakini nguvu zilikuwa zinakwenda njia nyingine. Alasiri zikawa fupi. Mara nyingine alisinzia katikati ya mstari na Miwani akangoja. Vitabu vilivyosomwa vilirundikana upande huu wa kitanda, na upande ule bado vilikuwa vingi, na wote wawili waliona.

"Miwani," alisema siku moja, sauti kama ya karatasi. "Kile cha mwisho hatutakifikia."

"Tutakifikia."

"Usianze tena kuruka." Akavuta pumzi mara kadhaa. "Niambie mwisho wake. Anavaa viatu?"

Hapa ndipo Miwani alipojaribiwa. Alijua mwanamke huyu anataka nini. Ilikuwa rahisi kusema hapana, hakuvaa, alibaki na kandambili zake. Neno moja, na nani angelikagua? Alivua miwani yake, akaona hana haja ya kuipangusa, akaivaa.

"Anavaa," alisema. "Anazifunga kamba polepole, anakwenda kaburini. Mwandishi anasema alitembea kama mtu aliyetua mzigo."

Mkono wa Mama Kidoti juu ya blanketi ulifanya mwendo mdogo, ukainuka kidogo na kutua kwa kisigino cha kiganja, na Miwani aliutambua mwendo ule hata kabla hajajua anautambua.

"Basi mwandishi huyo hajafiwa," alisema.

Hakusema tena jambo la kitabu baada ya hapo. Aliaga dunia kabla ya vitabu vile vyote kuhamia upande wa pili.

Waliporudi kazini kutoka maziko, chumba kilikuwa kimya kama kilivyokuwa zamani zile, na kila mtu alikiogopa kimya hicho maana alikijua. Ndipo Miwani alipovuta kiti chake katikati. Fungu lake likagawanywa. Aliwaambia kwanza alichokuwa amekifanya, wazi, bila kujipaka mafuta, akawasomea kurasa zile za mwanzo, kisha akaingia kitabu cha mwisho. Walikimaliza baada ya siku kadhaa. Hakuruka hata nukta.

Sura ya mwisho ilipokwisha, na Kandambili amekwenda zake na viatu vyake, cherehani zilisimama. Bi Harusi alilia waziwazi. Alisema hajawahi kusikia mwisho mzuri kama ule, kwamba mtu hatimaye hupona, na kwamba anajuta kwa yote aliyomsema mwanamke wa watu. Mkataji alikubali kwamba safari hii mwandishi hakutania. Alisema viatu vile vimemtuliza. Wengine wakaitikia, wakasema ndivyo, ndivyo, mambo yamekwisha vizuri. Halafu, bila kupanga, vichwa vyote vikageukia dirishani.

Meza ilikuwa pale na blanketi lake. Marobota ya sare yalikuwa yamerundikana mbele yake, hayajaguswa.

Miwani aliinuka. Alikwenda nyuma ya meza ile, mahali ambapo hajawahi kusimama, akaishika pasi. Ilikuwa baridi, na nzito kuliko alivyodhani. Akaisimamisha kwa kisigino chake.

"Mama Kidoti anasema," alisema, na sauti ikamkatika akaitafuta tena, "anasema mwandishi huyo hajafiwa."

Hakuna aliyebisha. Mkataji alitoa chaki sikioni akaishika mkononi. Miwani akainama, akachomeka waya wa pasi ukutani, akasubiri ipate moto. Ilipoanza kunguruma akavuta rinda la kwanza.